Uso wa bibi ndani ya ukuta wa chokaa: jinsi ya kuchanganya picha na tekscha kwa GIMP

Ukuta wa uani nyumbani kwa bibi yangu, Mji Mkongwe, Unguja, umebanduka chokaa kwa namna ambayo mchoraji hawezi kuibuni akiwa amekaa mezani. Jiwe la matumbawe linachungulia, juu yake kuna chokaa ya zamani iliyogeuka rangi ya samli, na juu ya hiyo kuna mabaka ya buluu iliyopakwa nilipokuwa mdogo. Nilitaka uso wa bibi uonekane umo ndani ya ukuta ule, umezeeka pamoja nao, wala usiwe kama karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Tangu hapo nimeirudia kazi hiyo kwa sura nyingine na kuta nyingine, na njia ninayoieleza hapa ndiyo iliyobaki baada ya kujaribu na kuacha nyingi.

Natumia GIMP. Ni programu ya bure ya kuhariri picha, iliyoanzwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Ukiwa na Krita au Photoshop, kazi ni ileile, ila menyu zinakaa mahali pengine. Majina ya vitufe nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee njiani.

Unahitaji picha tatu: ya uso, ya ukuta, na ya kanga. Simu yako inatosha.

Mwanga kwanza, kompyuta ingoje

Mtu akiona picha yake haishikani, hukimbilia kubadili modi (namna picha ya juu inavyochanganyika na ya chini yake) moja baada ya nyingine akitumaini kwamba mojawapo itamwokoa. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kupiga picha. Itazame tekscha ya ukuta kwa karibu: ule ukwaruzo unaouona ni vivuli vidogo vidogo, kila kinundu kikitupa chake na kila shimo likificha chake. Mwanga ukiupiga ukuta uso kwa uso, vivuli hivyo vinakufa na ukuta unakuwa bapa. Mwanga ukiupapasa kutoka ubavuni, kila chembe inasimama.

Kwa kitu kilicholala, kama mkeka, mchanga au ubao wa dau uliolazwa pwani, mwanga wa kupapasa unaupata saa moja hadi saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Ukuta uliosimama una saa zake. Huku kwetu karibu na ikweta, jua la saa sita mchana linakaribia utosi, kwa hiyo likiupata ukuta huteremka juu yake kutoka juu kwenda chini na kuuchora kila ufa. Saa ile ambayo haifai kumpiga mtu picha, kwa kuwa macho yanazama gizani, ndiyo saa nzuri ya kuupiga picha ukuta.

Simama sambamba na ukuta, simu isiinamishwe, zima flashi, na usivute picha kwa vidole. Sogea kwa miguu. Piga nyingi. Mimi nina folda ya kutu ya mabati, maganda ya minazi, tanga la jahazi lililotiwa viraka, na karatasi niliyoilowesha kwa chai ya rangi nikaianika juani. Hiyo karatasi ya chai nimeitumia kuliko zote.

Uso nao unataka mwanga wa upande mmoja. Bibi nilimkalisha kwenye kiti kando ya dirisha, mwanga ukitoka kushoto kwa anayetazama picha. Andika upande huo mahali. Utauhitaji.

Ukikosa tekscha yako ukaamua kuchukua ya mwenzako mtandaoni, soma leseni yake. Kwenye leseni za Creative Commons, herufi ND maana yake huruhusiwi kusambaza kazi uliyoibadili, na kuichanganya na picha nyingine ni kuibadili. NC inakataza biashara. CC0 haina sharti. Na picha ya mtu usiyemjua, uliyempiga akipita njiani, iache hadi umwombe idhini.

Hatua ya 1: Panga turubai

Fungua "File", kisha "New", uweke pikseli 2480 kwa 3508. Huo ni ukubwa wa A4 kwa uchapishaji wa pikseli 300 kwa inchi, na picha ya simu ya megapikseli 12 inautosha bila kunyooshwa kupita kiasi. Ingiza picha kwa "Open as Layers"; kila picha itakuwa leya, yaani tabaka moja juu ya jingine. Leya ya ukuta iwe chini, ya bibi juu yake. Zipe majina, ukifika leya ya kumi utashukuru. Hifadhi hapohapo kama XCF, kwa sababu ndiyo faili inayotunza leya zote.

Leya ya bibi ikiwa ndogo kuliko turubai, bofya "Layer to Image Size". Ukiiruka hatua hii ndogo, Hatua ya 5 itakusumbua.

Hatua ya 2: Linganisha mwanga wa picha mbili

Ukuta wangu ulipigwa na jua la utosini, uso wa bibi ulipata mwanga wa kushoto. Viweke pamoja hivyohivyo na kila mtazamaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa, hata asipojua ni nini. Dawa yake ni nyepesi: ukuta wa chokaa hauna juu wala chini. Uzungushe nyuzi 90 kinyume cha saa, na mwanga uliokuwa ukitoka juu sasa unatoka kushoto. Ukuta uliopata mwanga wa kulia ugeuze kama kwenye kioo.

Kisha ongeza leya mpya juu ya zote, ijaze nyeusi, na uipe modi ya "LCh Color". Rangi zote zinatoweka na unabaki na kijivu. Sasa finya macho kidogo: je, giza la ndani kabisa usoni ni sawa na giza la ndani kabisa ukutani? Kama ukuta umepauka na uso una weusi mzito, chagua leya ya ukuta, fungua "Colors" na "Levels", usogeze kile kipembe cha kushoto chini ya grafu hadi vilingane. Leya hiyo nyeusi usiifute. Izime tu kwa kubofya jicho lake. Utairudia baada ya kila hatua.

Hatua ya 3: Maski, na ukuta wenyewe kuwa maski

Bofya leya ya bibi kwa kitufe cha kulia, chagua "Add Layer Mask", uchague nyeupe. Bonyeza D kwenye kibodi ili upate nyeusi na nyeupe. Kwenye maski, nyeusi inaficha na nyeupe inaonyesha, na X inabadilisha mojawapo kwa nyingine. Chukua brashi laini na kubwa, ufiche chumba, kiti, na dirisha lililoko nyuma yake. Pembezoni mwa mtandio usihangaike sana.

Usitumie kifutio. Ulichokifuta kimekwenda, lakini ulichokificha kwa maski utakirudisha kesho ukitaka.

Ukiishia hapo utapata uso wenye kingo laini unaoelea juu ya ukuta, kama zile kalenda za ukutani za zamani. Jambo lililonibadilishia kazi yote ni kugundua kwamba si lazima maski ichorwe kwa mkono. Ukuta wenyewe unaweza kuamua uso ubaki wapi na ubanduke wapi.

Fanya hivi. Bofya leya ya ukuta, Ctrl+A, Ctrl+C. Ongeza nakala ya leya ya bibi, ili ile ya kwanza ibaki salama, na uizime ile ya kwanza kwa kubofya jicho lake. Kwenye nakala, bofya kijipicha cha maski na si cha uso, kisha Ctrl+V. Ukuta unatua kwenye maski ukiwa kijivu na ukiwa unaelea. Ctrl+H unautia nanga. Ukiwa bado kwenye maski, fungua "Levels" na usogeze vipembe vya pande zote mbili kuelekea katikati, taratibu, huku ukitazama picha.

Hapo ndipo utaona. Mahali ambapo chokaa ingali nyeupe, ngozi ya bibi inashika. Mahali ambapo jiwe la matumbawe limejitokeza, ngozi inapotea na jiwe linabaki, na ukingo kati ya viwili hivyo ni ule ukingo halisi wa chokaa iliyobanduka, wenye meno na magamba ambayo hakuna brashi inayoweza kuyachora. Ukifungua mno vipembe, uso wote unarudi; ukivibana mno, unabaki na vipande vya shavu tu. Mimi husimama pale ambapo karibu theluthi ya uso imeliwa na ukuta.

Maski hii mpya imerudisha na sehemu za chumba zilizofichwa mwanzoni, kwa hiyo pita tena na brashi nyeusi pembeni. Kisha chukua brashi nyeupe, nguvu yake iwe asilimia 20, upite polepole juu ya macho yote mawili, mdomo, na mstari wa pua. Hayo ndiyo yanayomtambulisha mtu. Sikio likiliwa na ukuta hakuna atakayelalamika, lakini jicho moja likipotea, umempoteza bibi.

Hatua ya 4: Kuitia ngozi tekscha

Nitakaa sana hapa, kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yanaonyesha sura nyeupe, na yanakwambia weka tekscha juu ya uso kwa "Multiply". Nilifuata, nikachapisha, nikampelekea bibi. Aliitazama muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, huyu kapakwa masizi." Alikuwa sahihi, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Kwa kipimo cha 0 (giza) hadi 255 (nuru kamili), shavu la bibi kwenye picha lilisoma nyekundu 110, kijani 70, buluu 50. Ni kahawia nzuri, iliyoiva. Chukua sehemu ya ukuta wa kijivu yenye thamani 150. Multiply huzidisha namba mbili na kugawa kwa 255, kwa hiyo shavu linakuwa karibu 65, 41, 29. Hiyo ni karibu nyeusi. Ngozi nyeupe ina nafasi ya kushuka bila kuzama. Ngozi yetu haina.

Basi wengine hukimbilia "Screen", ambayo inang'arisha. Shavu lilelile na ukuta uleule vinatoa takriban 195, 179, 171. Namba tatu zimekaribiana, na namba zikikaribiana rangi inakufa. Mtu anaonekana kama amepakwa majivu.

Sasa jaribu "Overlay". Kwa rangi iliyo chini ya nusu ya kipimo, Overlay huzidisha, hugawa kwa 255, kisha huongeza mara mbili. Shavu linakuwa 129, 82, 59: limepata nuru, na wekundu wake umebaki. Mahali ambapo ukuta una giza kidogo, tuseme 110, shavu linasoma 95, 60, 43. Kwa hiyo kinundu kinang'aa na shimo linafifia, na katikati ya yote ngozi ni ngozi. Penye 128 hakuna kinachobadilika, na hiyo ndiyo siri ya kuitayarisha tekscha: wastani wake ukae kwenye 128.

Utaratibu ni huu. Tengeneza nakala ya leya ya ukuta, ipandishe juu ya bibi, uiite "mikwaruzo". Ondoa rangi kwa "Desaturate". Kisha fungua "Filters", "Enhance", "High Pass". Kichujio hiki kinaondoa tofauti kubwa za mwanga, kama kona moja ya ukuta kuwa na kivuli, na kuacha mikwaruzo midogo tu juu ya kijivu cha katikati. Kwa turubai yetu, anza na kipimo cha 30. Weka modi iwe Overlay na ushushe kitelezi cha "Opacity" hadi asilimia 60. Ukiona ni kali, jaribu "Soft light", ambayo ni mpole zaidi.

Ongeza maski nyeupe kwenye mikwaruzo na uifiche machoni. Jicho lina unyevu. Likipata ufa wa chokaa linakuwa jicho la sanamu.

Hatua ya 5: Tekscha ifuate umbo la uso

Hadi sasa mikwaruzo inapita juu ya uso kama pazia lililonyooka, wakati shavu limevimba na pua imesimama. Kwa picha ndogo ya simu hakuna atakayeona. Kwa ile utakayoichapisha, ataona.

Chukua leya ya kwanza ya bibi, ile uliyoiweka salama, ifanyie nakala na uitoe rangi. Ipitishie "Gaussian Blur" ya 12 hivi ili makunyanzi madogo yapotee na ibaki milima na mabonde ya uso. Hii ndiyo ramani. Ifiche. Rudi kwenye mikwaruzo, fungua "Filters", "Map", "Displace", uichague ramani hiyo kwa mlalo na kwa wima, na uweke pikseli 15 kila upande. Sehemu angavu za ramani zinausukuma ufa upande mmoja, sehemu za giza upande wa pili, na kijivu cha katikati kinauacha ulipo. Ufa uliokuwa umenyooka sasa unajikunja kidogo unapopanda pua. Ukizidisha hadi 40, ukuta unaanza kuonekana kama maji.

Hatua ya 6: Kanga

Nilitaka pindo la kanga lionekane kama rangi iliyofifia begani kwa bibi, likiingia ukutani. Hapa Multiply inafaa kabisa, maana ukuta una weupe wa kutosha kuibeba, na sehemu nyeupe za kanga hutoweka zenyewe: nyeupe ni 255, na ukizidisha kwa 255 kisha ukagawa kwa 255 hujabadilisha kitu. Inabaki rangi ya pindo tu, imenywea kwenye chokaa. Asilimia 45 ilinitosha. Kisha nikaibandika maski ileile ya ukuta ili kanga nayo ibanduke pale uso ulipobanduka; bila hivyo mtu anajua mara moja kuwa iliongezwa mwisho.

Ukumbuke kwamba ukuta unageuzwa utakavyo, lakini kanga ina jina. Ukiigeuza kama kwenye kioo ili ilingane na mwanga, maneno yanasomeka kinyumenyume, na hakuna mwanamke wa pwani ambaye hatayaona. Mwanga wa kanga ukikataa kulingana, ipige picha upya.

Hatua ya 7: Unganisha rangi na punje

Picha za siku tofauti zina rangi tofauti. Dondoa rangi ya chokaa ile ya samli kwa chombo cha kudondolea, ijaze kwenye leya mpya juu ya zote, modi Soft light, asilimia 15. Kila kitu kinaoga mwanga mmoja.

Halafu punje. Picha ya ndani ya nyumba ina chembechembe nyingi kuliko ya juani, na jicho linazihisi. Ongeza leya ya kijivu cha katikati, rangi #808080, modi Overlay, kisha "Filters", "Noise", "RGB Noise". Ondoa alama kwenye "Independent RGB" ili punje ziwe za kijivu na si za rangirangi. Shusha leya hadi asilimia 30. Washa tena ile leya nyeusi ya ukaguzi uone kama mwanga bado umelingana.

Hatua ya 8: Kuchapisha

Zima leya ya ukaguzi kabla ya kutoa faili, kisha tumia "Export As" upate PNG, au JPEG ya ubora wa 95 kama stesheneri yako inataka hiyo. XCF ibaki kwako.

Karatasi haina taa nyuma yake kama skrini, kwa hiyo picha hutoka na giza zaidi, na ngozi ndiyo inayoumia kwanza. Usichapishe A4 nzima mara moja. Kata kipande cha jicho na shavu, kichapishe kidogo kwenye karatasi ileile utakayoitumia, isiyong'aa, utoke nacho nje ya duka ukitazame kwenye mwanga wa mchana. Mimi karibu kila mara hurudi kwenye Levels na kusogeza kipembe cha katikati kutoka 1.00 hadi 1.15.

Ukiipata, chagua ukuta wa kuitundikia kwa kuangalia dirisha. Picha yenye mwanga wa kushoto iwekwe mahali ambapo dirisha la chumba liko kushoto kwa anayeitazama. Ya bibi iko ukumbini kwake, na ikifika saa kumi alasiri jua linaingia upande uleule linakoingia kwenye picha.